Mafungu ya Mama na Baba

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tatu 1978

Eda ya Mama inaisha wiki mbili zijazo. Tangu Baba amempa talaka, Mama analala huku chumbani pamoja na mimi. Baba analala kule mbele, chumba cha magunia ya duka. Nyumba moja, watu wawili wanasalimiana kama abiria wa garimoshi. Umeamuka? Nimeamuka. Basi.

Leo Baba mukubwa Waziri amekuja. Ni kaka ya Baba. Anakohoa mulangoni kwanza, tujue mukubwa amefika. Hata kiti hakukaa — akaanza kuzunguka, kugusa vitu. Mashini ya kushona. Redio. Baiskeli. Kama muntu yuko soko! Akasema mwanamuke anaingia na nguo zake, anatoka na nguo zake. Mashini iuzwe, ilipe deni ya chumvi.

Deni ya chumvi njo hii: mwaka jana Baba alichukua chumvi kwa mukopo kwa tajiri mumoja wa bandarini. Behewa likakaa kwenye gare ya garimoshi, juu wazi, mvua ya Kindu ikafanya kazi yake. Chumvi ikaenda na maji. Deni ikabaki kavu.

Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Hakuinua macho. Akasema pole pole: «Shemeji, chumvi umeikumbuka. Na deni ya likelemba? Mabati iko juu ya kichwa yako ilitoka wapi?»

Ni kweli. Zamu ya Mama ya likelemba ilipofika, wanawake wenzake wa kuchangiana pesa walimupa mufuko wote, yeye akanunua mabati ya nyumba hii. Hajamaliza kuwarudishia zamu zao.

Baba mukubwa akasema hayo ni mambo ya wanawake.

«Bon. Mvua ikinyesha, wanaume wakae inje.»

Nilikuwa nakunywa maji. Yalinitoka puani! Nikakimbia nyuma ya jiko nicheke huko.

Mimi neno kama lile siwezi. Professeur akiniita, nasimama, lakini sauti inabaki imekaa kwenye benchi. «Plus fort, citoyenne!» Yaani kwa nguvu zaidi. Halafu darasa nzima wanacheka. Mama hakusoma Kifaransa hata kidogo, na hakuna muntu anamwambia plus fort.

Jumatano, tarehe 8

Mujomba Kasimu amefika na mutumbwi kutoka Lokandu. Samaki wa moshi kikapu kizima, na hasira kikapu kingine. Hajaweka mizigo chini anasema: Dada, nipe nyundo tu. Napanda juu, natoa mabati moja moja, tunapakia, tunaenda.

Mama akamwambia: kunywa chai.

Jioni wote walikaa sebuleni. Baba, Mama, Baba mukubwa, Mujomba. Mimi na sinia ya chai. Baba mukubwa na Mujomba walisema sana, sana. Mama na Baba hawakusema — ajabu, na talaka ni yao! Kisha Mama akasema: tugawe kama samaki ya Lokandu.

Baba akacheka. Miezi sijasikia cheko yake. Kumbe aliona ugawaji ule zamani, alipoenda kule kumuposa Mama. Ni hivi: wavuvi wakirudi, mumoja anapanga samaki mafungu. Mwingine anawapa mugongo, anaangalia mto. Wa tatu anagusa fungu, anauliza: hii ya nani? Yule wa mugongo anataja jina la muntu. Fungu ni lake, imeisha. Mwenye kupanga hawezi kuficha samaki wakubwa upande moja, ju hajui atapata fungu gani.

Baba mukubwa akasema huu ni muchezo wa watoto. Baba akamwambia kaka yake: «Yaya, mimi nakubali.» Nilimupenda wakati ule. Naandika kwa sababu kuna siku nyingine nilikuwa na hasira naye sana, ju ya yule mwanamuke wake wa Kailo. Mama alisikia habari yake kutoka kwa wauza mihogo! Si kutoka kwake.

Basi: Baba atapanga. Mama atagusa. Nani ataangalia ukuta? Mujomba ni wa Mama, Baba mukubwa ni wa Baba. Macho yote yakanijia mimi. Sinia ikaanza kulia mikononi mwangu, vikombe vyote.

Mama akasema: Hadidja ni wa wote wawili.

Ijumaa, tarehe 10

Interro ya géographie darasani, nimejibu vibaya. Akili yangu haiko.

Nilisikia Mama anaongea na Mama Philomène, mwenzake wa likelemba, nyuma ya ukuta. Mama Philomène iko na chumba cha kupangisha, hapa hapa, nyuma ya soko. Mama akipata mashini, atakichukua, atashona, tutaonana kila siku nikitoka masomo. Akikosa, anarudi Lokandu na Mujomba kukausha samaki. Mimi nabaki hapa kwa Baba ju ya masomo.

Mashini ile nyeusi. Yaani mashini njo Mama.

Jumapili, tarehe 12

Leo tulianza. Kwanza deni, Mama alitaka hivyo.

Mabati hayawezi kushuka, mimi nabaki chini yake. Yanabaki kwa Baba, na deni ya likelemba inabaki naye — kitu na deni yake vinatembea pamoja, Mama alisema. Zamu zile Mama amekwisha kuwarudishia wenzake, badala yake anachukua kabati na kitanda kikubwa. Baba mukubwa akaruka: mwanaume atalipa likelemba? Atakaa katikati ya wanawake na kitenge kichwani? Baba akajibu: «Nalala chini ya mabati, yaya. Nitalipa.»

Sasa chumvi. Chumvi haiko. Deni bila kitu, utaiweka fungu gani? Mujomba akasema ni ya Baba peke yake. Mama akakataa. Tuikate katikati, nusu yake, nusu yangu.

Mujomba alisimama! «Wewe Mwanvua! Unabeba deni ya mwanaume amekuacha?»

«Chumvi ilipouzika vizuri nilikula nyama. Ulinisikia nakataa nyama?»

Baba aliangalia miguu yake. Mimi nilitaka kupiga makofi kama kwenye mupira, lakini nilibaki tu nimeshika mulango.

Kisha vitu vidogo. Niliweka uso karibu na ukuta hata pua ikagusa chokaa. Nyuma yangu Mama anauliza: hii ya nani? Nasema: ya Mama. Hii ya nani? Ya Baba. Wanasema, hatukusikia! Sema kwa nguvu! Jasho hadi kwenye miguu. Sufuria, viti, mikeka, mapipa mawili ya maji. Baba alipanga vizuri kabisa: sufuria yenye kutoboka aliiweka pamoja na ile mpya, upande wa pili zile mbili za katikati. Mama akasema mbele ya wote kwamba Baba anajua kupima. Watu wameachana na bado wanaweza kusemeana hivi!

Lakini nakiri hapa, ju hapa hakuna muntu: nilisikia. Mama iko na bangili. Akigusa sufuria zinalia namna moja, akigusa mukeka zinalia namna nyingine. Mara mbili nilijua ni fungu gani. Sikutaka kusikia. Masikio hayana mulango.

Mafungu ya mwisho ni Jumapili ijayo: mashini upande moja, baiskeli na redio upande wa pili. Na gurudumu ya mashini, ukiigusa tu, inalia kwiii.

Jumanne, tarehe 14

Mvua mchana wote. Juu ya mabati hata ukipiga kelele mwenzako anaona mudomo tu.

Ilipopungua nilisikia Baba anasimama nje ya mulango wetu. Akasema: Mwanvua, chukua mashini. Tumalize.

Moyo wangu! Nikafunga macho.

Mama akasema hapana. Hapana!! Akasema ilinunuliwa na faida ya dukani, si yake peke yake. «Ukinipa leo, kesho yaya wako atasema nililia mbele yako. Sitaki ya kupewa. Nataka yangu. Ikianguka kwako ni yako, ilipe nusu yako ya chumvi.» Baba akasema: umebaki vile vile. Si kwa hasira. Akaenda.

Sikula. Mama akaniuliza ugali umefanya nini. Nilitaka kumwambia: na mimi je? Wewe na heshima yako mtakwenda Lokandu, na mimi? Sikusema. Plus fort, citoyenne.

Jumamosi, tarehe 18

Salongo asubuhi, kazi ya lazima ya watu wote, tulikata majani kwenye barabara ya masomo, mikono inauma.

Nimeamua. Nitangoja kwiii. Nikiisikia nitasema: ya Mama. Nisipoisikia nitasema: ya Baba, ju itakuwa ni baiskeli na redio. Ni rahisi. Hakuna atajua. Mujomba atafurahi, Baba mwenyewe alitaka kumupa. Ni uongo gani huo, uongo mudogo wa sikio.

Naogopa tu Mama akiniangalia.

Jumapili, tarehe 19, asubuhi

Nimeamuka, Mama ameinama kwenye mashini na kitambaa na mafuta. Anapaka gurudumu. Anaizungusha. Hakuna sauti. Anaizungusha tena, anasikiliza na kichwa upande, kama daktari. Kimya kabisa.

Nikasema: Mama, kwa nini leo?

Akasema vitu vinaondoka nyumbani vikiwa safi, viende kwa nani, viende kwa nani.

Kisha akavua bangili. Zote! Hazijawahi kutoka mukononi hata akifua. Alitumia sabuni, mukono ukawa mwekundu. Akanivalisha mimi. «Leo vaa wewe, mwanangu. Zinanisumbua.»

Hakunigombeza. Anajua! Tangu lini anajua? Nilitaka ardhi inimeze, na hapo hapo nilitaka kumuonyesha dunia nzima: angalieni, huyu ni mama yangu.

Jumapili, mchana

Naandika upesi. Nimejifungia chumbani. Mvua.

Tulikaa wote. Wingu lilikuwa jeusi tangu asubuhi, Mujomba akasema tufanye haraka. Baba alipanga: mashini, na baiskeli na redio. Mimi ukutani. Bangili mukononi mwangu zinatetemeka, njo sauti peke yake. Nyuma hakuna kwiii, hakuna kitu. Nyayo za Mama, mukeka hausemi.

«Hii ya nani?»

Sikujua. Kwa kweli sikujua. Nilitafuta kwa masikio, kimya. Basi nikafungua mudomo, jina likatoka lenyewe.

Nikasema: ya Baba.

Na mvua ikaanguka pale pale juu ya mabati, si matone, yote mara moja, kama muntu amemwaga kokoto. Sikujisikia hata mimi mwenyewe. Nikageuka.

Mukono wa Mama ulikuwa juu ya mashini.

Wote walikuwa wananiangalia, mikono kwenye masikio. Nani? Umesema nani? Mujomba akapiga kelele: amesema Mama! Niliona mudomo! Baba mukubwa naye akapiga kelele: uliona mudomo kupitia kisogo? Mujomba akamwambia macho yake ni ya muvuvi. Baba mukubwa akasema basi ukavue. Wakaendelea hivyo, mishipa imesimama shingoni, hatusikii nusu. Baba aliangalia juu, akacheka kidogo. Nilimusoma midomo: mabati ya mama yako, iko na kelele kama nini.

Mama alikuja karibu na mimi. Aliweka mudomo kwenye sikio yangu. Nilidhani ataniuliza. Akasema: «Usiniambie mimi. Mvua ikiacha, utawaambia wote, vile ulivyosema.»

Vile ulivyosema. Anajua kwamba ni mimi tu ninayejua. Amenipa mashini, chumba cha Mama Philomène, Lokandu, vyote, amenivalisha kama bangili, akarudi kukaa kwenye mukeka. Mikono yake mitupu juu ya magoti.

Ningeweza kusema Mama. Mujomba ataapa pamoja na mimi. Baba hatakataa, najua hatakataa. Ni jina moja badala ya lingine.

Lakini alipaka mafuta.

Lokandu si mbali. Mutumbwi wa Mujomba unakuja na samaki, unaweza kurudi na muntu, wakati wa congé ya masomo. Naandika ili nione kama nitaamini.

Mvua inapungua. Sasa naanza kusikia jogoo wa jirani, na Baba mukubwa anakohoa. Nimesimama hapa, uso kwenye kabati, najaribu kulisema lile jina, vile nilivyosema. Mara ya kwanza ilikuwa ndogo. Mara ya pili imetoka vizuri. Sijawahi kuwa na sauti kubwa hivi, hata kuku chini ya dirisha wameruka. Nadhani waliisikia hadi sebuleni. Sijui.

Mama ananiita.