Kwanza Kipimo, Ndipo Chaki

Chuoni, 20 Februari 1977

Mjomba Kasmir,

Shikamoo. Mimi huku mzima, labda hili vumbi la chaki tu linalonikohoza. Wewe mgongo vipi? Na mkaza mjomba Paskalina, lile jino limetulia?

Uliniambia nikuandikie ukweli, nisikupambie. Haya basi. Nasomea ualimu wa kemia, mwaka wa pili huu, na sijashika hata chupa. Mkufunzi wetu, Mwalimu Elisaria, anaingia na daftari lake la siku nyingi, anasoma, sisi tunaandika. Anasoma vizuri, simsemi vibaya. Asidi imeelezwa, magadi makali yameelezwa, bureti imechorwa ubaoni kwa rula. Bureti zenyewe, yale mabomba marefu ya kioo yenye mistari na bilula chini, zipo maabara, na maabara ina kufuli. Ukichungulia dirishani unaziona zimepangwa, zinang'aa, hazijawahi kulowa. Anasema ni mali ya umma, ikivunjika moja hakuna nyingine, na wakaguzi wakija lazima wazikute zimetimia.

Na kila Jumatatu tunaimba kwamba elimu ni nadharia na vitendo! Celina, wa kitanda jirani, anaimba kwa sauti kuliko wote halafu ananikonyeza.

Juni tuna mtihani wa vitendo. Swali ni lile lile miaka yote: asidi kiasi fulani inahitaji magadi kiasi gani mpaka ukali wake uishe. Hata jibu tumeshapewa tukariri, ishirini na tano. Mjomba, mwakani nitasimama mbele ya watoto wa watu. Nitawaonyesha nini kwa mikono hii? Naogopa kwa kweli.

Mpwa wako,
Hyasinta

*

Gerezani, Dar es Salaam
9 Machi 1977

Hyasinta mpwa wangu,

Marahaba, marahaba tena. Mgongo upo, unanisalimia kila nikiinua betri ya lori la Bedford. Paskalina ameling'oa jino, na sasa anasema maradufu. Anauliza kama unakula.

Lo! Kioo cha kupimia hakijalowa? Hivi huyo mkufunzi wako akinunua viatu anavitia kabatini, anatembea peku? Barua yako nimemsomea Sadalla, yule wa teksi ya Peugeot, kacheka mpaka akakalia tairi. Mimi sikucheka sana. Mimi ni wa darasa la nne la misheni, lakini asidi nimeishika miaka kumi na nane na vidole vyote ninavyo.

Unaijua desturi ya kibanda changu tangu ukiwa mdogo, tangu mama yako alipokuacha kwetu. Betri ikiletwa, sisikilizi mwenyewe anasema nini. Natia kipimo, navuta asidi, boya linaelea, napiga magoti mpaka jicho lilingane nalo, ndipo nachukua chaki na kuandika namba ubavuni mwa betri. Kwanza kipimo, ndipo chaki. Sadalla alinililia wiki iliyopita kwamba betri yake nzima, niandike nzima tu awahi abiria wa Mchafukoge. Nikaandika mbovu, maana ilikuwa mbovu. Kaninunia siku mbili, ya tatu karudi anasukumwa.

Pasaka panda treni uje. Stesheni mpaka kwangu hata jasho halikutoki. Hiyo mikono unayoilalamikia niletee hapa.

Mjomba wako,
Kasmir

*

Chuoni, 24 Aprili 1977

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefika salama, isipokuwa miguu imevimba kwa kukaa. Ule mkate wa kumimina wa Paskalina haukuvuka Morogoro, niombee radhi.

Zile wiki mbili sizisahau. Nimehesabu matundu ya asidi kwenye kanga yangu, kumi na moja, na sitaki kuitupa. Mara ya kwanza uliponiambia nisome kipimo nikasoma nimesimama, ukanishika bega ukanikalisha chini kwenye mafuta na vumbi, kumbe namba ni nyingine kabisa! Huku niliandika mstari mzima daftarini kuhusu jicho kulingana na kimiminika, na sikuwahi kuelewa ni kwa nini. Na lile fujo la kwenda nawe Kariakoo kutafuta mpira wa kipimo, jengo jipya lote tukalizunguka juu na chini, kumbe mpira upo kwa yule mzee wa spea hatua ishirini kutoka kibandani. Ulivyotukana! Kila nikikumbuka nacheka peke yangu bwenini.

Nimemwomba Mwalimu Elisaria atufungulie maabara hata Jumamosi moja. Nimemwambia nitaosha kila kitu mwenyewe. Amenijibu kwa upole tu, "Binti, vitu hivi nimevisainia." Lakini sasa siogopi, mjomba. Hiyo Juni nitapiga magoti.

Mpwa wako,
Hyasinta

*

Chuoni, 2 Julai 1977

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima wote. Mimi mwili hauna neno.

Mtihani umepita na matokeo yamebandikwa. Wanafunzi arobaini na wawili, tumefaulu wote. Mwalimu Elisaria ametupongeza mbele ya mkuu wa chuo. Nilitaka niishie hapa, lakini uliniambia nisikupambie.

Tuliingia maabara kwa mara ya kwanza. Wenzangu walikuwa wanazishika bureti kama mayai. Mimi nilifungua bilula taratibu, tone kwa tone, nikitikisa chupa kwa mkono wa kushoto, rangi ikageuka, nikapiga magoti nikasoma. Thelathini na moja. Nikasema nimekosea. Nikaosha, nikarudia. Thelathini na moja. Nikarudia ya tatu, thelathini na moja ile ile. Nikaiandika.

Halafu nikainua macho. Celina ameshaandika ishirini na tano na magadi yake hayajafika nusu. Mbele yangu ishirini na tano, nyuma ishirini na tano. Nikafikiria stashahada yangu, nikafikiria utakavyoumia nikirudishwa Gerezani na sanduku. Nikachukua raba, nikafuta thelathini na moja.

Ndiyo hivyo, mjomba. Nimepata alama zote na nikiziona pale ukutani natazama pembeni. Niambie neno.

Mpwa wako,
Hyasinta

*

Gerezani, 20 Agosti 1977

Hyasinta,

Marahaba. Sisi wazima.

Wiki saba sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika matusi, na wewe si wa kutukanwa.

Ungeanguka mtihani kwa kutokujua, ningekupokea stesheni nimevaa shati la kanisani. Lakini ulijua. Ulipiga magoti mara tatu, ukaona kwa macho yako, ukachukua chaki ukaandika wanachotaka. Hata Sadalla hajawahi kunifanyisha hilo kwa miaka yote ya kunililia.

Nilikuwa na kipimo changu cha akiba, kile cha kioo chembamba ulichokipenda. Nilikifunga kwa pamba na kitambaa niwe nimekuandalia kwa siku ya stashahada. Nimekifungua, nimekirudisha kwenye msumari.

Paskalina anasema nimekuwa mkali mno. Anakusalimu.

Kasmir

*

Chuoni, 25 Septemba 1977

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma barua hii mpaka mwisho, lakini nakuamkia hata hivyo. Barua yako ulisaini jina tu, hukuandika mjomba. Nimelia siku hiyo yote, na kesho yake nikaenda nyumbani kwa Mwalimu Elisaria.

Nilimkuta anamwagilia mchicha. Nikamwambia nilipata thelathini na moja, nikafuta. Alinitazama kwanza, akaweka ndoo chini, akaingia ndani akatoka na funguo. Nikamfuata. Maabara tukapima wawili, yeye akishika bureti. Mjomba, aliishika kama yai kuliko hata Celina! Ndipo nikafahamu kwamba hata yeye hajaigusa miaka mingi. Nikamwambia, "Mwalimu, samahani, ukipiga magoti itasomeka." Akapiga magoti, na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi.

Ikawa thelathini na moja.

Akafungua kopo la magadi yenyewe. Kifuniko kilikuwa kimelegea siku nyingi, magadi yamevuta unyevu mpaka yamekuwa kama sukari iliyolowa. Yamepungua nguvu, ndiyo maana yanahitajika mengi kuua asidi ile ile. Mtu yeyote ambaye angepima kweli angepata thelathini na moja. Mwalimu akakaa kwenye stuli. Akasema, "Watu arobaini na wawili, na mimi niliwasahihishia." Nikamwonea huruma, wallahi, kama namwona mzee wangu mwenyewe.

Ameandika barua kwa mkuu wa chuo kwa mkono wake. Alama zote zimefutwa na tunarudia Novemba, magadi mapya, na safari hii hakuna anayejua jibu. Darasa zima limeninunia. Celina amehamisha kitanda. Kuna aliyeniambia nimewauza. Lakini maabara iko wazi kila Jumatano na Jumamosi. Bureti mbili zimeshavunjika, moja nimeivunja mimi. Jumatano Celina alikuja akasimama pembeni yangu, hakunisalimu, akauliza tu, "Bilula unaishikaje?" Nikamwonyesha.

Naweza kuanguka Novemba. Nikianguka hakuna stashahada. Kipimo sikuombi. Nilitaka tu ujue.

Mpwa wako, kama bado,
Hyasinta

*

Gerezani, Dar es Salaam
12 Oktoba 1977

Hyasinta mpwa wangu,

Marahaba, mama. U mzima? Unakula? Mgongo wangu umepoa tangu barua yako ifike, nenda kamwulize daktari sababu.

Nimeisoma mpaka mwisho mara nne. Ya tano nimemsomea Paskalina, amelia, halafu akanigeuzia kibao, akasema si nilikwambia umekuwa mkali. Na lile la "kama bado", usirudie kuniandikia upuuzi huo.

Sasa nami nikueleze langu. Siku barua yako inafika, betri ya Sadalla ilikuwa mezani na nimeshaiandika kwa chaki, "nzima". Kipimo sikukitia. Nilisema moyoni, ya Sadalla naijua, niliitengeneza mwenyewe juzi. Niliposoma nikafika pale kwa mkufunzi wako na suruali yake ya kaki, nikaiweka barua chini, nikachukua kitambaa, nikafuta ile chaki. Sadalla akapiga kelele, "Mzee Kasmir, unanifanyia nini, nina abiria!" Nikamwambia akae. Nikatia kipimo, nikapiga magoti na mgongo huu. Ilikuwa nzima kweli. Lakini mpwa wangu, sikuwa najua, nilikuwa nadhani tu.

Huyo Mwalimu Elisaria msalimie sana. Akifika Dar aje Gerezani aulize kwa Kasmir wa betri, mtu yeyote atamwonyesha.

Novemba pima unachokiona, andika unachokiona. Ukifaulu njoo, ukianguka njoo na treni ile ile. Shati la kanisani limeshafuliwa. Kipimo kile nimekitoa msumarini, nimekifunga tena kwa pamba. Posta sikitii, hawa jamaa wanarusha vifurushi. Kipo kwenye bati la biskuti chini ya meza, na nimeliandika jina lako kwa chaki. Njoo ukichukue kwa mkono wako.

Mjomba wako,
Kasmir