Kamera Ibaki Ulingoni

Jumatatu, 1 Julai 1974

Mazoezi ya kukata picha tena. Kamera tatu, meza moja, mtu mmoja ameketi anakunywa chai. Kazi yangu kutoa amri, kamera ipi ionekane, na fundi abonyeze. Nilichelewa kila mara. Chai imeshamezwa ndipo naonyesha kikombe. Bwana Kizito, anayetufundisha, hakunigombeza. Alisema tu, "Hawa, wewe unangoja kitu kitokee, halafu ndiyo unakitafuta. Kitafute mapema."

Kweli tupu. Imeniuma.

Tulianza watano katika mafunzo haya ya televisheni. Tumebaki wawili, mimi na Byaruhanga. Nafasi ya mtayarishaji ni moja. Ni ya yule bwana aliyetolewa ofisini mchana kweupe akapakiwa kwenye gari lisilo na namba. Jina lake hatulitaji. Wiki za kwanza tulikuwa tukigeuka kila mlango unapofunguliwa. Sasa hatugeuki.

Nataka kiti hicho. Naogopa kukitaka. Nakitaka.

Alhamisi, 4 Julai

Byaruhanga amefanya kipindi chake cha majaribio. Kwaya ya shule. Safi, hakuna kosa. Wakubwa wamempa mkono. Nilipiga makofi na wivu umenijaa.

Changu bado. Labda hawatanipa. Labda wananiweka tu ili wapate wa kumtuma.

Mama amerudi kutoka soko la Kalerwe hoi, muhogo nusu haukuuzika, chumvi hakuna soko zima. Akaniuliza, hiyo kazi ya kunyoosha kidole watu wakimbie, ndiyo nimeisomea? Nikacheka. Halafu sikucheka.

Jumanne, 9 Julai

Nimepewa ndondi!

Polisi na jeshi, Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbini, na inakwenda hewani moja kwa moja. Hakuna kurudia. Byaruhanga alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanamke na ngumi! Acha acheke. Hajui nimelelewa wapi. Ulingo wa polisi uko nyuma ya nyumba zetu hapa Naguru. Baba ndiye sajini anayefundisha mabondia. Nimewabebea ndoo za maji tangu sijaota meno ya ukubwani. Nikimtazama mtu bega, najua konde linakotoka.

Nilipanda kilima kwa miguu, sikuhisi mlima.

Nyumbani nikamwambia Baba. Akaweka sahani chini. Pambano la mwisho ni la kijana wake, Konstebo Wasswa, dhidi ya askari wa jeshi anayeitwa Lemi. Akauliza, watu watasema nini, binti wa mwalimu wa Wasswa ndiye ameshika kamera?

Hilo sikulifikiria. Mimi na furaha yangu.

Jumapili, 14 Julai

Jana niliomba kumwona Lemi akijifua. Haifai nimjue Wasswa peke yake. Bwana Kizito akanisindikiza hadi kambi ya jeshi ya Mbuya. Pale getini walitupekua mpaka kwenye kofia yake.

Lemi ni mwembamba, mpole, anatazama chini anapoongea. Nilidhani nitakuta chui. Nikakaa pembeni nikamsoma. Akichoka, mkono wa kushoto unashuka. Anapigana vizuri sana. Alipomaliza akaja kuniuliza kitu kimoja tu: "Dada, kwa televisheni mtu anaonekana mrefu?"

Nikamwambia inategemea kamera imekaa wapi. Akafurahi kama nimempa zawadi.

Nimempenda. Naye anapigana na kijana wa Baba. Balaa gani hii.

Jumatano, 17 Julai

Kapteni mmoja alikuja kituoni. Ndiye mkuu wa michezo huko jeshini. Hakuketi kitini. Alikaa juu ya meza ya Bwana Kizito, bastola pajani.

"Nani nafanya hii ngumi?"

"Ni mimi, afande."

"Wewe toto ya ule sajini ya Naguru?"

"Ndiyo, afande."

Akaniinamia kutoka mezani. "Sikia muzuri. Askari yangu hawezi anguka kwa televisheni. Yeye kianguka, wewe geuza kamera, onyesha watu nakaa kwa viti. Wakubwa iko naangalia kule Mbuya. Nasikia?"

"Nimesikia, afande."

Sikusema nitafanya. Hakuona tofauti. Bwana Kizito alikuwa anatazama viatu vyake.

Kufikia saa kumi jengo lote lilikuwa linajua, mpaka wapiga picha.

Ijumaa, 19 Julai

Sili. Uji umenishinda.

Bwana Kizito aliniita nje, mbali na madirisha. Alisema hawezi kuniambia fanya wala usifanye. Ana watoto. Halafu akasema, "Kesho kiti ni chako. Mimi nitakuwa nyuma yako. Siondoki." Nilitaka kulia. Sikulia.

Jioni Baba alikuwa anapiga kiwi viatu vyake. Nikamweleza yote. Nilidhani atanikataza kwenda. Aliendelea kusugua kiatu kile kile hata kilipokwisha kung'aa.

"Usimpendelee Wasswa," alisema. "Hata kidogo. Yule mwenzake naye ni mtoto wa watu."

Basi. Akachukua kiatu cha pili.

Jumamosi, 20 Julai

Nimerudi. Nimerudi mzima. Mwandiko mbaya, sijali.

Ukumbi ulijaa tangu mchana. Jeshi upande huu, polisi upande ule, raia wamebanana katikati. Mimi nilikuwa nje, ndani ya gari la matangazo, mbele ya vioo vitatu vya televisheni, kila kamera na kioo chake, na kipaza sauti cha kuwafikia wapiga picha ukumbini. Joto la tanuri. Fundi wa vitufe kushoto kwangu. Bwana Kizito nyuma, kama alivyosema.

Mapambano ya mwanzo yalikwenda kama maji. Naona bega linajikunja, naita kamera, konde linatua picha ikiwa pale pale. Fundi akaanza kucheka peke yake kwa raha. Sijawahi kujisikia hivi maishani. Nilikuwa napiga ngoma na ukumbi mzima unacheza.

Kisha Wasswa na Lemi.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Lemi, wazi kabisa. Ya pili, katikati, mkono wa kushoto ukashuka. Niliona kabla ya Wasswa. "Kamera ya pili, mshike Lemi, usimwache." Konde la kulia likaingia. Lemi chini, uso kwenye turubai.

Opio wa kamera ya kwanza alikuwa ameshageuka kuwatazama watu. Hakuna aliyemwamuru. Aliogopa, simlaumu. Picha ya watazamaji ikawa imekaa tayari kwenye kioo, inaningoja. Fundi akaweka kidole juu ya kitufe chake. Akanigeukia.

Nililifikiria lile gari lisilo na namba. Siwezi kujidanganya hapa, nililifikiria. Halafu nikamwona Lemi anatafuta goti lake. Nikajua. Nikikata sasa, kila mwenye televisheni atajua ameanguka, maana mtangazaji anapiga kelele. Watakachokosa ni kumwona akiinuka.

"Tubaki hapa," nikasema. "Kamera ya pili, sogea. Shuka chini, mtazame kutoka chini. Tubaki."

Sauti ilitoka ndogo. Lakini ilitoka.

Refa anahesabu. Nne. Goti moja. Tano. Mkono kwenye kamba. Sita. Uso umejaa kioo kizima, damu puani, macho yamerudi. Saba, kasimama. Kutoka chini kule alionekana mrefu kama mnara. Ngumi juu. Ukumbi ulilipuka hadi gari likatikisika, na sikusikia jeshi peke yake. Filimbi za polisi zilikuwamo.

Alipigana mpaka kengele ya mwisho. Wasswa akashinda kwa pointi, na kwa haki. Akaushika mkono wa Lemi akauinua pamoja na wake. Nikafunga kipindi na picha hiyo.

Bwana Kizito alikuwa ameniwekea mkono begani. Sijui tangu lini.

Mlango ukafunguliwa. Kapteni. Tulisimama wote.

"Wewe nakataa amri yangu."

"Ndiyo, afande."

Akafuta jasho shingoni. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kushangilia, nikagundua.

"Simu imetoka Mbuya. Wakubwa nauliza, ile kijana inuka namna ile, nani alifundisha yeye? Mimi nikasema, ni mimi." Akacheka. Alicheka sana. Halafu akanyoosha kidole. "Bahati yako aliinuka."

Akaenda zake.

Fundi akaketi sakafuni. Opio akaja kuniomba radhi, nikamkumbatia mbele ya watu. Nimefanya! Mimi, Hawa wa Naguru. Nimefanya!

Jumatatu, 22 Julai

Nimepata. Mtayarishaji. Mkuu wa kituo alinisomea barua kwa sauti, nikamwomba arudie, akarudia.

Byaruhanga amepelekwa vipindi vya shule. Alikuja kunipa mkono. "Ile ya kutoka chini," alisema, "mimi nisingeiona." Ilimgharimu kusema hivyo. Nimeacha kumchukia leo, saa ile ile.

Mlinzi wa getini amenipigia saluti. Mama ametangaza Kalerwe nzima. Wanawake wa sokoni sasa wananiita Refa. Mama anamwambia kila mteja kwamba kidole changu ndicho kilichomwinua yule askari. Nimejaribu kumsahihisha. Hataki.

Ninaringa. Leo ninaringa, kesho nitaacha.

Jumapili, 28 Julai

Hakuna kazi leo. Nimefua, nimeanika. Mama amelala.

Baba alirudi kutoka kanisani akavua koti, akaketi kizingitini na chai yake. Wiki nzima hajasema chochote juu ya ndondi. Nilidhani hana la kusema. Leo ndipo nikaelewa. Yeye alikuwa kwenye kona ya ulingo, ndoo mkononi. Nchi imeona picha zangu, yeye hajaona hata moja.

"Niambie ilivyoonekana," alisema.

Nikaketi karibu yake nikamsimulia, kamera kwa kamera, raundi ya kwanza mpaka ya mwisho. Alifumba macho. Chai yake ikapoa, hakuigusa.