Mwaka Huu Faustin Hajachoma Shamba

Jumatatu, mwisho wa Februari. Mvua ndogo tangu alfajiri, ile isiyolowesha nguo lakini inachafua miguu. Moyo wangu mzito.

Nina mambo ya kusema leo ambayo kanisani sijayasema, na kwa mume wangu nimeyasema nusu.

Ninyi mnaonisoma mnajua kazi yangu. Nafagia na kupika chai katika ofisi moja hapa Kisangani, ofisi ya vijana wanaotazama moto. Si moto wa jikoni. Ni moto wa mashamba na misitu ya Tshopo nzima, wanautazama kwa setilaiti. Ile mashine inapita juu, inaona palipo na joto, na kwenye kompyuta panatokea nukta nyekundu. Kisha kwa ukali wa lile joto wanakadiria moshi uliopanda. Wanauhesabu kwa tani, kama mchele. Mimi niliishia darasa la sita, sibishani nao.

Bon. Mwanangu Faustin anaishi mbali, kupita Opala, kwa watu wa mkewe, kwenye kona ya kijito kinachoingia Lomami. Alikosa kazi hapa mjini akaenda kulima mpunga. Kule simu haishiki. Habari inakuja kama kuna mtu wa kuja, na watu hawaji.

Kiangazi chake cha kwanza kule, Clarisse, yule binti wa kwenye kompyuta, aliniita nikiwa na ndoo mkononi. "Mama Béa, kijiji cha mwanao kinaitwaje?" Nikamtajia. Akatafuta, akakuza picha. Kwenye ile kona, peke yake, nukta moja.

"Ndiye huyu. Iko nachoma shamba. Mama, mutoto amekusalimia."

Nililia mbele ya watoto wa watu. Jioni nikamwambia mume wangu, Papa Faustin: mwanao ni mzima, ameshachoma. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba yetu. Wengine wanangoja simu, sisi tunangoja nukta.

Mwaka huu haijatokea.

Mwanzoni nilisema ni mawingu, maana mawingu yakifunika, setilaiti haioni kitu. Clarisse akaniambia polepole, bila kuniangalia: "Hapana, Mama. Kule mbingu ilikuwa wazi juma zima. Majirani wake wote wamechoma. Angalia." Nukta huku, nukta kule, ng'ambo ya kijito nukta tena. Kwenye kona, hakuna.

Sasa sikilizeni ya leo.

Kila Jumatatu ofisini tunaanza kwa sala, na kwa kuwa wananijua ni mtu wa rozari, Chef, mkubwa wa ofisi, hunipa mimi kuongoza. Leo aliingia anacheka, karatasi mkononi. Moto umepungua upande wa Opala, na moshi pia. "Alors, Mama Béa, leo tunashukuru. Lakini usitupe ile sala yako ya kilometa, chai itapoa."

"Chef, chai napika mimi. Itapoa nikitaka mimi."

Wakacheka wote. Nikafumba macho. Nikasema, asante Baba kwa moto uliozimika. Wakajibu amina.

Nilimshukuru Mungu kwa kitu kinachonila.

Na ndani, chini ya yale maneno, nilikuwa naomba kingine. Niliomba moshi. Mjukuu wangu wa hapa nyumbani anakohoa kila kiangazi kwa sababu ya huo moshi, mshahara wangu unatoka kwa watu wanaotaka uishe, na bado niliuomba. Sijui Mungu alisikia ipi kati ya zile sala mbili.

Clarisse aliona uso wangu. Wengine walipoingia mkutanoni alinifungulia picha nyingine, ya setilaiti inayopiga picha za kawaida, siyo za joto. Bora asingenifungulia. Kwenye ile kona miti imelala. Imekauka, rangi ya kahawia, shamba zima limekatwa.

Alikata. Hakuchoma.

Angekuwa hajakata, ningesema amehama, amepata kazi kwingine. Lakini mtu aliyeangusha miti yote ile kwa shoka, mgongo unamuuma siku hadi siku, hawezi kuiacha hivihivi. Bila kuchoma hakuna kupanda, na bila kupanda wale watoto wake watakula nini? Kuna kitu kilimsimamisha katikati. Nakijua kwa tumbo, siyo kwa kichwa.

Papa Faustin anasema labda malaria. Anasema labda amejikata mguu. Anataja mabaya madogo ili asitaje lile kubwa. Namwacha.

Nimeomba ruhusa. Chef ni mtu mwema, hakuuliza mengi. "Uwasalimie kule, Mama, uwaambie waendelee hivyo hivyo." Hajui. Sikumwambia, maana angeona haya kwa ile sala.

Kesho navuka mto hadi Lubunga, kisha pikipiki mpaka Opala, kisha mtumbwi, kisha miguu. Papa Faustin na kifua chake hawezi safari ile. Nimebeba sabuni, chumvi, dawa ya malaria, na kiberiti.

Ndiyo, kiberiti. Nikishafika kule sitakuwa na njia ya kumpa mume wangu habari, donc nimepatana na Clarisse. Nikimkuta Faustin hai, hata kama amelala hawezi kuinuka, nitalichoma lile shamba mwenyewe, siku mvua itakapotupa nafasi. Clarisse akiona nukta, atakwenda nyumbani kwetu kusema.

Ni yeye aliyenifundisha. "Moto mudogo hauonekani, Mama. Uwe mukubwa. Washa jua likiwa kichwani, ndiyo setilaiti inapita." Kisha akajiziba mdomo, kama mtu aliyetukana kanisani. Kazi yake ni kuhesabu huo moshi. Nami nimemweka kwenye ubaya wangu.

Sijisikii mwema leo. Nasema tu ukweli.

Jioni hii Papa Faustin aliniuliza, anakunja kitenge changu: "Na kama nukta haionekani?"

Nikasema labda mvua. Labda mawingu.

"Na kama hakuna mawingu?"

Nikakifunga kiberiti ndani ya plastiki, kisilowe. Akaendelea kukunja. Anajua, nami najua: nikikuta kaburi, sitawasha kitu.

Baba wa mbinguni, kesho univushe. Na mbingu ya kule, uiache wazi.