Kisahani Kisichotiwa Dawa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakuacha ulale. Mimi ni mzima, ila macho yamechoka kwa kuchungulia hadubini kutwa.

Baba, zinakufa! Nimetia chembe za dawa, ndogo kuliko vumbi, kwenye kisahani chenye seli hai za saratani. Hadubini yetu mpya imenionyesha zikipenya hadi ndani. Baada ya saa sita seli zilijikunja, zikapasuka. Bosi wangu, ambaye hacheki hata akitekenywa, alinipa mkono. Mwambie shangazi.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, ndilo linalonipangia safari.

Barua yako nimemsomea kila mtu, hata kinyozi ambaye hakuniuliza. Dada yangu alilia kwa furaha. Alikuwa apasuliwe titi mwezi ujao, uvimbe ungali mdogo. Nikamwambia, kisu cha nini wakati mwenye dawa ni damu yetu? Ameahirisha. Tuambie dawa itafika lini.

Baba yako

2 Agosti

Baba,

Shikamoo, ingawa sina uso wa kukusalimia. Simu zako niliziona zote, nikaziacha zilie.

Mpeleke shangazi hospitali leo. Hakuna dawa.

Barua yako ilipofika, mwenzangu alikuwa ameshaniuliza swali la mwanafunzi wa siku ya kwanza: kile kisahani cha kulinganishia, kisichotiwa dawa, seli zake zilifanyaje? Kilikuwepo, lakini sikukiweka chini ya hadubini. Nilikuwa na haraka. Tulipokiweka, seli zake nazo zilikufa vilevile. Ni mwanga wa hadubini, Baba. Niliuongeza ili picha zitoke safi, ukaziunguza. Chembe zangu hazikuua hata seli moja.

Bosi nilimwambia siku ileile. Ninyi ndio niliowaogopa. Kila asubuhi nilisema nitaandika jioni, huku nikiomba jaribio jingine linisitiri. Halikunisitiri. Naona aibu, Baba, aibu ya kushindwa kula.

Mwanao

19 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukugombeza, makali, tena mengi.

Lakini barua yako niliipata tarehe sita, na dada yangu nilimweleza tarehe kumi na saba. Siku kumi na moja ilikaa kwenye mfuko wa koti langu. Nilikwenda kwake, nikanywa chai yake, akaniuliza, "Daktari wetu anasemaje?" nami nikajibu, "Bado." Ningemwambiaje, na mimi ndiye niliyemzuia? Mtoto wa nyoka ni nyoka, mwanangu. Sina mdomo wa kukukemea.

Jana tulikwenda hospitali. Uvimbe umeshafika kwapani. Alhamisi ijayo wataondoa titi lote, na mpasuaji hakutaka kuahidi lolote. Nilimwomba dada yangu msamaha palepale kwenye benchi. Tulipokuwa tunarudi alisema tu, "Yule mtoto asinitumie salamu kupitia kwako. Kwangu anapajua."

Baba yako

25 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimeshuka kwenye basi asubuhi hii, na sasa nimeketi kwenye ngazi, nje ya mlango wako. Nimeinua mkono kubisha mara tatu, nikaushusha. Kwa hiyo naandika.

Nilijua tangu Machi. Nilinyamaza ili nisionekane mjinga, wewe ukazidi kuugua. Sina kisingizio.

Naisukuma barua hii chini ya mlango. Ukifungua, nitakuambia hayo hayo ukinitazama. Usipofungua, nitakuelewa, na Alhamisi utanikuta hapa hapa nikubebee mkoba.

Binti wa kaka yako