Ukuta wa Jiko Umekwisha

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili ya pili, mwezi wa nane.

Mpendwa mdogo wangu Timazi,

Pokea salamu za dada yako, ambaye bado anakupenda ingawa leo hana hamu ya kukubembeleza. U hali gani? Kile kikohozi cha vumbi la maboksi kimekwisha, au bado unakwenda nacho kazini na kurudi nacho? Huku tu wazima. Mama magoti humsumbua asubuhi, yakipata jua hutulia, na ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu hukatika kila nikifika kwenye neno la maana, na nimechunguza nikaona hukatika upande wako tu. Karatasi haikatiki. Ukiitupa utakuwa umeitupa kwa mkono wako mwenyewe.

Neno lenyewe ni lilelile: Mama atabaki na nani? Nilikuuliza kabla ya mvua, ukanijibu mwakani. Sasa halingoji mwakani, kwani kiwanda chetu kinahama. Mwisho wa mwezi huu mashine zote za kushonea zinapakiwa kwenye malori kwenda mji mwingine, mbali kuliko hata huko kwako. Meneja alitukusanya akasema anayetaka kazi yake aifuate, na asiyetaka anamtakia heri. Alisema huku anatabasamu, mtu wa watu yule. Mimi nimejiandikisha kwenda.

Unakumbuka desturi yetu mafundi cherehani. Kila mmoja hujishonea mto wa kiti chake kwa vipande vya nguo vilivyobaki, na anayeacha kazi huondoka na mto wake. Zamani mto mmoja ukitoka tuliuzungumza wiki nzima. Mwezi huu viti vya safu yangu vingi vimebaki mbao tupu, na sisi tunaohama tumeambiwa tuibebe mito yetu wenyewe, maana lori ni la mashine. Wangu nilikuja nao nyumbani ndani ya mkoba, nikitafuta namna ya kumwambia Mama taratibu. Yeye akauona, akautoa, akaukung'uta vumbi, akauanika juani. Jioni tunakula akasema, "Huko unakokwenda kuna baridi?" Nilitoka nje nikalia, kisha nikarudi kumalizia chakula.

Usiniulize kwa nini nisibaki. Nikibaki, nyumba hii itakula nini? Hapa hakuna tena anayeajiri mshonaji. Redio inatangaza kwamba ajira zimeongezeka nchi nzima: viwanda vimepunguza watu lakini maghala yameongeza, miji ile imepoa lakini hii imechangamka, na mtangazaji anasoma yote hayo kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba. Wao wanahesabu kazi, hawahesabu nyumba. Kazi ikifungwa huku na nyingine ikafunguliwa kule, kwao hesabu imekaa sawa. Mtu na begi lake wanaobaki katikati hawasomwi redioni.

Kwa mfano wewe. Ulipoondoka hapa hapakuwa na tofali lililowekwa juu ya lingine, nakubali. Akaja yule wakala wa maghala na kipaza sauti chake, na waashi wote wa mtaa huu mkamfuata kama vifaranga. Watu waliozoea kupanda jukwaa la ujenzi wakaenda kufunga maboksi kwa gundi. Mvua moja haijapita, serikali ikatangaza chuo kipya nyuma ya soko, na mabweni, na nyumba za walimu. Mkandarasi akatafuta waashi mji mzima, hakumpata hata wa kusingiziwa. Unajua aliwatoa wapi? Huko huko uliko. Kwao ujenzi ulikuwa umesimama, na walipokwenda kuomba kazi maghalani waliambiwa nafasi zimejaa watu kutoka mbali. Watu wenyewe ni nyinyi. Basi mnapanga maboksi yao, wanajenga kuta zenu, na mabasi yanapishana njiani. Katika mambo haya aliyepata ajira ya kudumu ni mwenye mabasi. Nilicheka peke yangu siku nilipolielewa hilo, na halikuwa cheko la furaha.

Mmoja wao ndiye tuliyempangisha chumba chako, kama nilivyokueleza kabla simu haijakatika. Ni rika lako, mwashi kama wewe, mpole, na anakoroma. Sisi tunamwita Mpangaji. Mama naye alimwita hivyo hadi juzijuzi.

Sasa nisikilize vizuri. Ule ukuta wa jiko uliouinua ukaishia kiunoni, ukasema utaumalizia ukirudi, umetutesa. Mvua ikija ya upepo kuni zinalowa, moto unazima, na Mama anakoroga sufuria huku kashika mwavuli. Nilipotaka kumwita fundi alinifokea: mwenyewe atamaliza. Mwiko wako na timazi yako alivifunga kwenye kitambaa akaviweka juu ya kabati, na hata kufuta vumbi nilikuwa siruhusiwi. Mpangaji alijitolea mara nyingi, bure, akajibiwa kwa adabu kwamba ukuta una mwenyewe. Wewe tulikuita Timazi tangu utotoni kwa sababu ukuta wa jirani ukipinda ulikuwa hulali. Wa mama yako unakuachaje ulale?

Siku chache baada ya kuuanika ule mto wangu, Mama alipanda kiti, na magoti yale, akateremsha kile kitambaa. Mpangaji alikuwa ndiyo kwanza anatoka kazini, hata viatu hajavua. Mama akamkabidhi vyote akasema, "Mwanangu, nimalizie ukuta." Nilikuwa naosha vyombo, nikasimama na sahani mkononi. Yule kijana wa watu alinitazama kama anayeomba ruhusa, nami nikaangalia pembeni.

Ameumaliza wiki hii. Nilichukua timazi yako nikaupima mwenyewe, kona kwa kona, nikitafuta kosa, na ningefurahi sana kulipata. Umenyooka. Leo mvua imenyesha, Mama amepika mikono yote miwili ikiwa huru.

Uliniambia huwezi kuomba hata ruhusa ya kuja kumwona, kwani huko mtu akiinuka nafasi yake inachukuliwa kiti hakijapoa. Nilikuamini, na nikakuonea huruma. Basi ujue na huku ndivyo. Kiti chako hapa kilikaa wazi muda mrefu kuliko ambavyo ghala lolote lingekuvumilia, na hatimaye kimepata mtu. Blanketi ulilotuma ni zuri, tunakushukuru, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Nina uchungu na wewe, Timazi. Nimeona nikuambie hivyo kuliko kukuzungusha.

Usimchukie Mpangaji. Mimi nilijaribu nikashindwa. Naye ana mama, anaishi peke yake mjini huko huko, nyuma ya kituo cha mabasi unaposhukia ukienda ghalani, nyumba ya mlango wa bluu. Mlango huo bawaba zimeachia, na kila akienda kulala huuegemezea meza. Mpangaji alinieleza hayo huku anasafisha mwiko, wala hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anamkumbuka tu mama yake. Kumbe Mama yetu yuko mlangoni anasikia. Akaniambia nichukue kalamu.

Haya ni maneno yake, sikuongeza chumvi: "Mwambie simwiti tena. Aende kwa mama wa mwenzake akamtengenezee mlango. Asiende na zawadi, aende na bawaba na misumari. Na akifika asiseme yeye ni fundi. Aseme ametumwa na mama yake."

Mimi naondoka malori yakiondoka. Mama atabaki na Mpangaji mpaka chuo kiishe kujengwa, na chuo kikiisha mkandarasi atawapeleka kwingine, maana ndivyo wanavyokula. Baada ya hapo sijui. Nimekaa na swali hilo mwaka mzima, sasa chukua na wewe ulibebe kidogo.

Shangazi anakusalimu, anasema sauti yako ameanza kuisahau. Mjomba Mabati naye anakusalimu, miguu imemvimba ila mdomo unafanya kazi. Nisalimie Kinyozi uliyeondoka naye, mwambie mwanawe ameota meno na anamwita baba kila mwanamume anayepita. Wasalimie na waashi wengine wote wa mtaa wetu mlioko huko maghalani.

Mungu akuepushe na maradhi, akulinde chini ya yale maboksi, na siku moja akupe kazi iliyo karibu na watu wako. Mimi pia aniombee mtu dua hiyohiyo.

Ni mimi, akupendaye hata nikiwa nimekasirika,
Dada yako.

Nimeifungua tena bahasha, kwani Mama amekumbuka jambo. Ufunguo wa chumba chako anao Mpangaji. Anasema siku ukija, usiingie moja kwa moja kama zamani, upige hodi.