Mlango wa Jikoni

Dada Neema,

Mwakeye huko Busunzu? Hapa Kasulu mvua haijakatika tangu juzi, na magurudumu ya kiti changu yamejaa tope jekundu.

Leo nimecheza mashindano ya mpira wa meza. Unaukumbuka ule mpira wangu wa kuanzia, unaokata kona na kutokea ubavuni mwa meza, uliokuwa ukikukimbiza hadi kwenye mihogo tuliyoanika? Nikaanza na huohuo. Mwamuzi, mama mmoja mpole, akasimamisha mchezo.

"Rudia, kaka. Kwa wachezaji wa viti, wa kuanzia ukitokea ubavuni hauhesabiwi."

Nikarudia, mkono ukapiga vilevile. Miaka sita haujui kingine! Nilipojaribu kuunyoosha mpira, mpinzani aliupokea kama zawadi. Nikafungwa seti zote tatu.

Wametupatia ugali na samaki, migebuka. Nimeshindwa kumaliza, mimi!

Pole kwa mbio zote zile, dada yangu. Pumzisha miguu. Na umwambie mama ule mlango tuliougeuza meza aurudishe jikoni. Miaka yote hii amepika huku upepo ukimzimia moto.

Nduguyo,
Ezekieli