Namba ya Kanga Iliyokwisha

Mzee Salum,

Shikamoo. Najua leo hutaitika, ila mdomo umezoea, na wewe hukupokea neno la mtu kabla ya salamu. Ni mimi Rehema, uliyenifundisha kuuza kanga dukani kwetu Kariakoo. Kiti chako nakikalia mimi siku hizi. Usinune.

Tangu utuache, biashara imefunguka, kanga zinaingia kila wiki, na tumenunua kompyuta. Orodha ya daftari lako nimeiingiza kwenye faili la XML, kila kanga na jina lake. Faili la pili, wanaliita stailishiti, ndilo linaloipanga na kuipa kila kanga namba, moja, mbili, tatu, tayari kuchapwa na kutumwa mikoani. Kazi yako ya wiki nzima niliimaliza kabla chai haijapoa. Nilitamani unione.

Unakumbuka tulivyobishana? Kanga ikiisha uliipiga mstari tu, namba yake ukaiacha palepale. Ukisema, "Namba ukishampa mteja, si yako tena." Mimi nikaona ni ukaidi wa uzee. Basi, zote ulizozipiga mstari nikaziacha nje ya faili. Stailishiti nayo inahesabu inachokikuta: kumi na mbili haipo, kumi na tatu ikakaa mahali pake, na zote za nyuma zikasogea.

Mama Asha wa Tabora, mteja wako wa siku zote, akapiga simu na orodha yako ya zamani mkononi. Anaoza binti, anataka doti ya kumtunza mama wa bwana harusi: thelathini na moja, "Karibu mkwe, hapa ni kwako." Nikampelekea thelathini na moja yangu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Ikafunguliwa mbele ya watu.

Aliniambia, "Salum angekuwepo, haya yasingetokea." Nililia nyuma ya majora, Mzee. Jina ulilojenga maisha yako yote, mimi nilikuwa nalibomoa kwa kujifanya mjuaji.

Nikalifungua daftari lako. Kanga zote zilizokwisha nimezirudisha kwenye faili na kuzitia alama. Sasa stailishiti inazihesabu zote, ila inachapa zilizopo tu. Kumi na moja, kisha kumi na tatu. Mama Asha nilimtumia doti yake pamoja na barua ya kuomba radhi. Juzi kaagiza tena, anacheka: yule mkwe akija kumtembelea huivaa ile ya jembe. Nimefurahi, Mzee, siku nzima.

Jana nimechapa orodha ya watu wa duka, ya kubandika ukutani. Jina lako nalo nimelitia alama ileile. Orodha inaanza na mbili. Wageni wanauliza moja yuko wapi.

Pumzika, Mzee wangu. Kiti nimekikalia, lakini ile moja haitapewa mtu, nakuahidi.

Mimi Rehema,
namba mbili.